Mkanda wa Tyubu

Tangu Jumapili ile alipombwaga bosi kwenye majani ya chai, Ukungu hakutulia. Alizunguka bandani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alipiga ubao wa mlango kwa kwato, akanusa maji asiyanywe, akarudi kuzunguka. Na Yusta aliyekuwa akimtunza akawa hivyo hivyo. Akikaa anasimama. Akisimama anakumbuka kitu, akikifuata anasahau ni kitu gani.

"Nyie wawili mmekunywa dawa moja," alisema Mzee Ambrosi, akichota mavi ya farasi kwa sepetu. "Mmoja ana miguu minne, mwingine miwili, lakini breki hamna wote."

Ambrosi alikuwa mtunza farasi wa siku nyingi katika shamba lile lililoko juu ya Igowole, upande mmoja chai, upande wa pili ng'ombe. Farasi walikuwa watatu tu, wa kuwafuatia ng'ombe huko malishoni ambako pikipiki hukwama. Ukungu alikuwa jike, mweupe wa kijivu, rangi ya asubuhi za Julai za huku kwetu, ndiyo maana akaitwa hivyo.

Yusta hakucheka. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi lori la Fuso lingekuja kumchukua Ukungu.

Bwana Sedekia, meneja wa shamba, alikuwa amelisema jambo hilo mbele ya wafanyakazi wote, mkono wake wa kulia ukining'inia kwenye kitambaa alichofunga shingoni. Farasi anayemwangusha mtu, alisema, si farasi, ni kesi. Kulikuwa na mchimbaji mmoja wa Makongolosi, huko Chunya, jina lake Silvester, anayetafuta mnyama wa kubeba mawe ya dhahabu kutoka shimoni hadi kinuni. Atamchukua Ukungu. Maneno yameisha.

Yusta alimfuata hadi mlangoni pa ofisi.

"Bosi, Makongolosi kuna mbung'o."

"Kwa hiyo?"

"Farasi hamalizi masika huko. Daktari wa mifugo alituambia mwaka jana, wewe mwenyewe ulikuwepo. Wakimng'ata, damu inaisha taratibu. Anakonda huku amesimama."

"Angelifikiria hilo kabla ya kunitupa."

"Si tabia yake. Miaka minne ninaye, hajawahi kumtupa mtu. Ni tandiko, bosi. Linambana. Ukimgusa mgongo hapa nyuma ya bega, ngozi inaruka."

Sedekia alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelala siku tatu kwa ubavu mmoja. Akapumua.

"Arvind wa pale Mafinga ana matandiko mawili ya kizamani stoo. Peleka hili letu, mbadilishane. Jumamosi Silvester akifika, huyo farasi apande mlima na kurudi akiwa na mtu mgongoni. Akiweza, anabaki. Akishindwa, anapanda Fuso. Na wewe usije ukanililia hapa mlangoni."

"Sitalia, bosi."

Alisema hivyo, lakini alipogeuka mikono yake haikujua iende wapi, akaifuta kwenye sketi ingawa haikuwa na uchafu.

Kwanza alimpima mgongo. Alichukua waya laini wa kufungia nondo, akaulaza juu ya Ukungu nyuma ya mifupa ya mabega, akaubonyeza kwa vidole hadi ukafuata mwili wake, kushuka kulia, kushuka kushoto. Kazi hiyo aliifanya mara nne, kwa kuwa Ukungu hakusimama. Kila waya ulipokaribia kukaa sawa, farasi alisogea hatua moja akageuza shingo kutazama ubavu wake.

"Tulia mama. Tulia. Ni mimi."

"Pima na mkanda wa tumboni basi," alisema Ambrosi.

"Mkanda si tatizo. Mkanda nimeutengeneza mwenyewe."

Alilisema hilo kwa fahari kidogo, na fahari hiyo alikuwa na haki nayo. Mwezi wa nne mvua ilipokaza, mkanda wa zamani unaopita chini ya tumbo la farasi kushikilia tandiko ulioza, na panya wakamalizia. Hakuna duka la mikanda ya farasi huku. Yusta akachukua mipira ya tyubu ya baiskeli, akaikata vipande virefu, akasuka vitatu vitatu, akafunga pete za chuma za ule mkanda wa zamani kila mwisho. Ufundi huo aliurithi kwa marehemu baba yake, aliyebeba mbao kwa baiskeli kutoka mashine za Mafinga. Ubao ukifungwa kwa tyubu, baba yake alimwonyesha, vuta mpaka mpira ulie, kisha ongeza mvuto mmoja. Hapo hata ukipita kwenye mashimo yote ya barabara ya Mufindi mzigo hauchezi. Sedekia alipouona mkanda ule alisema, "Huyu binti angesoma angekuwa injinia." Neno hilo Yusta alilala nalo wiki nzima.

Basi akaufunga ule waya kwa uangalifu ndani ya kanga, akapanda gari la maziwa na tandiko mapajani, akaenda Mafinga.

Duka la Arvind lilikuwa la misumari, mabati na rangi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kamwene, binti! Misumari ya inchi ngapi?"

"Kamwene, baba. Sitaki misumari. Nataka tandiko la farasi."

Arvind aliweka kalamu chini, akageuka kuelekea nyuma ya duka. "Nidhi! Nidhi, njoo! Yule mteja tuliyemngoja miaka kumi na mbili amefika!"

Mkewe alitokea akipangusa unga mikononi. "Mpe yote mawili," alisema bila hata kusalimu. "Paka amezalia humo mara tatu."

Matandiko yenyewe yalikuwa ya mkulima mmoja aliyehama zamani akaacha vitu vyake. Yalikuwa ya kazi ya ng'ombe, mazito, yenye kiti kirefu cha kumshika mpandaji na vimbavu viwili mbele vya kuzuia mapaja yasiteleze. La kwanza liling'aa. Ngozi yake nyekundu ilikuwa na maua yaliyochorwa kwa nyundo, na vyuma vyake vilimeta kama vijiko vya harusi.

"Hili ni la waziri," alisema Arvind. "Ukimpandisha bosi wako juu ya hili, atakuongezea cheo."

Yusta aligusa maua yale. Kweli yalikuwa mazuri. Kisha akaligeuza tandiko chali, akaweka waya wake ndani, pale ambapo tandiko hukaa juu ya mabega. Waya haukuingia. Ulikwama juu, ncha zake zikapanuka.

"Linabana. Ni la farasi mwembamba."

"Farasi si atazoea? Mimi nilizoea viatu."

"Viatu unavivua, baba. Yeye hawezi kuvua."

Nidhi alicheka hadi akashika mlango. La pili lilikuwa baya. Kiti kilikuwa na kiraka, mito ya chini imejaa manyoya ya paka, na ngozi ilikuwa kavu kama magome. Yusta akalisimamisha juu ya goti, akasukuma ncha zote mbili kusikia kama mbao za ndani zimevunjika. Kimya. Hakuna kilicholia. Akapitisha ngumi katika mfereji ulioko katikati ya mito, ule unaoupa uti wa mgongo nafasi. Ngumi ikapita bila kugusa. Akaweka waya. Ukalala mle ndani kama mtoto mgongoni kwa mama yake.

"Hili."

"Binti, umeacha la waziri?"

"Waziri hatapanda mlima wetu."

Arvind alifurahia mabadilishano yale, kwa kuwa tandiko la shamba lilikuwa na sura nzuri kuliko hilo alilotoa. Katika kulifunga kwenye kiroba akatupia kitu kingine juu, mkanda mpana wa nyuzi nene za pamba, nyuzi nyingi zilizolazwa sambamba, zimegeuka rangi ya chai.

"Na mkanda wake."

"Mkanda ninao, baba. Mzuri kuliko huo."

"Chukua tu, unanijazia panya."

Akauchukua kwa heshima. Njiani kurudi, harufu ya misonobari ya Sao Hill ikiingia dirishani, hakuufikiria tena. Alifikiria Jumamosi. Dereva wa gari la maziwa alimsemesha mara tatu, mara zote tatu Yusta akajibu "ndiyo," hata pale alipoulizwa jina lake.

Alhamisi asubuhi, baada ya kuipaka mafuta ile ngozi kavu, alimtandika. Blanketi kwanza, akalivuta nyuma kidogo ili manyoya yalale sawa. Kisha tandiko, akaliweka mbele na kuliteremsha taratibu mpaka likapata mahali pake lenyewe. Vidole vitatu vilipita kati ya tandiko na mfupa wa bega. Alisimama nyuma ya farasi akachungulia ule mfereji, akaona mwanga upande wa pili. Hakuwahi kuona tandiko lililokaa hivyo.

Akafunga mkanda wake wa tyubu. Ukungu alijaza tumbo pumzi, kama afanyavyo farasi yeyote mjanja ili mkanda ulegee baadaye. Yusta alimjua. Akamtembeza hatua kumi, pumzi ikamtoka, akavuta tena. Mpira ukalia. Akaongeza mvuto mmoja.

"Haya mwali wetu," alisema Ambrosi. "Kavaa, kapendeza. Tuone kama atacheza."

Kwenye uwanja wa banda Ukungu alitembea vizuri. Masikio yalikwenda mbele na nyuma, lakini alitembea. Yusta, juu yake, akaanza kupumua. Wakavuka mfereji, wakaingia njia ya mlimani inayokata katikati ya chai. Hapo njia inasimama kama ngazi. Hatua ishirini, thelathini. Yusta alihisi mbavu za farasi zikipanuka kati ya miguu yake, zikipanuka, zikikwama. Ukungu akasimama. Akageuza kichwa akajing'ata ubavuni. Kisha mgongo ukapinda kama upinde, mara moja, mara mbili, na Yusta akajikuta amekaa ndani ya chai, mdomo umejaa majani.

Ambrosi alikuja akikimbia kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Alipomwona mzima, akatikisa kichwa.

"Basi, mwanangu. Si tandiko. Ni yeye."

"Si yeye."

"Nani sasa? Mimi?"

Habari zilifika ofisini kabla yao. Jioni ile Sedekia alipita bandani, akatazama, hakuingia. "Nimempigia Silvester," alisema. "Nimemwambia aje na kamba ndefu."

Ijumaa Yusta hakuweza kula. Ugali aliurudisha chini ya kawa. Alitembea hadi bombani bila ndoo, akarudi. Alifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Mwisho akajilazimisha kufanya lile analoliweza kuliko watu wote pale. Akakaa juu ya debe lililopinduliwa, akatazama.

Alianza na blanketi la jana. Jasho lilikuwa limekauka juu yake na kuacha alama. Kama tandiko linabana mahali, pale hubaki pakavu, kwa kuwa ngozi iliyobanwa haitoi jasho. Aligeuza blanketi juani. Alama zilikuwa sawa, kushoto na kulia, toka mwanzo hadi mwisho. Tandiko la paka halikuwa na kosa.

Akampeleka Ukungu mlimani mtupu, kwa kamba tu. Alipanda kama mbuzi.

Akarudi naye, akakaa tena. Kwa hiyo si mlima. Si tandiko. Lakini akitandikwa anakataa mlima, na uwanjani hakatai. Mlimani kuna nini ambacho uwanjani hakipo? Alimtazama Ukungu akihema baada ya kupanda. Mbavu zilitoka, zikaingia. Zilitoka mbali. Yusta hakuwahi kuona zinatoka mbali kiasi kile.

Macho yake yakahamia ukutani, kwenye msumari, ulikotundikwa mkanda wa tyubu.

Hakutaka kuinuka. Alikaa pale kitambo, visigino vikigonga debe. Kisha akaenda, akautoa, akauzungusha kifuani kwake juu ya sweta, chini kidogo ya matiti, akaunganisha pete zake kwa kipande cha ngozi. Akatoa pumzi yote, akavuta. Mpira ukalia. Akaongeza mvuto mmoja, kama alivyofundishwa.

"Mama yangu, unafanya nini?" Ambrosi alikuwa mlangoni.

"Nakuja."

Alitembea uwanjani, haikuwa mbaya. Akavuka mfereji. Akaingia njia ya chai, akapanda haraka haraka kama mwenye deni la safari. Hatua ishirini. Kifua kilitaka kupanuka, na mpira ukakataa. Kila alipotoa pumzi mpira ulimfuata ndani, na kila alipoivuta haukumrudishia nafasi aliyoiachia. Hatua thelathini. Giza dogo likaanza pembeni mwa macho. Alisimama palepale aliposimama Ukungu, na bila kupanga, akageuza shingo kujitazama ubavu.

Alikaa chini kwenye njia, akaufungua mkanda. Hewa iliingia kwa kishindo.

Mbao hazipumui. Baba yake alikuwa sahihi kuhusu mbao. Mzigo wa baiskeli unaufunga asubuhi unaufungua jioni, na katikati haukuombi kitu. Alimfunga Ukungu kama mzigo. Tangu mwezi wa nne! Na mwezi wa tano, sasa alikumbuka, ndipo Ukungu alipoanza kung'ata hewa wakati wa kutandikwa, yeye akamwita mvivu. Bosi alikuwa akimpanda uwandani tu, nyuma ya ng'ombe. Jumapili ndiyo alimkimbiza mlimani kwa mara ya kwanza.

Alirudi bandani, akapitisha mkono chini, nyuma ya kwapa la farasi, mahali ambapo mkanda hupita. Manyoya yalikuwa yameliwa. Chini yake kulikuwa na vivimbe vidogo vyenye moto. Vivimbe hivyo alivijua. Wiki mbili zilizopita alivigusa, akadhani ni kupe, akavipaka mafuta. Ukungu alitetemesha ngozi, lakini hakumpiga teke.

Ambrosi alisimama nyuma yake. Alikuwa ameona yote, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha karibu.

"Badilisha mkanda kimya kimya," alisema kwa sauti ndogo. "Kesho akipanda vizuri, tunasema amelizoea tandiko. Nani atajua?"

"Bosi amekwisha kumuuza, mzee. Kesho wanamfunga kamba tu. Hatapewa nafasi nyingine bila sababu."

"Na ukimpa sababu, atakufukuza wewe. Lile bega la bosi umelivunja wewe, mwanangu. Umelielewa hilo?"

Yusta alikuwa amelielewa akiwa bado amekaa kwenye njia.

Ofisini Sedekia alikuwa akijaribu kukoroga sukari kwa mkono wa kushoto. Chai ilikuwa imemwagika kwenye sahani na kwenye karatasi. Yusta aliweka mkanda wa tyubu juu ya meza. Alitaka kuketi, alitaka kukimbia, akashika ukingo wa kiti.

"Bosi, Ukungu hana kosa. Ni huu."

"Mkanda?"

"Mpira haumruhusu kupumua. Mlimani anataka hewa, anabanwa, anajirusha. Nimejifunga mwenyewe nikapanda. Nimeshindwa hata nusu ya njia. Na chini ya kwapa amechubuka, mimi nikadhani kupe."

Sedekia aliutazama mkanda, kisha bega lake, kisha Yusta.

"Huu si ndio ulioutengeneza wewe?"

"Ndiyo."

"Niliousifia."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa hiyo aliyenitupa ni wewe."

"Ni mimi."

Sedekia alichukua kijiko, akakiweka, akakichukua tena. "Nilikuita injinia," alisema, karibu kama anajiambia mwenyewe. Halafu, "Kesho Silvester akifika, utampanda mbele yake. Wewe, si Ambrosi. Akikubwaga, mnaondoka wote wawili, yeye na Fuso, wewe kwa miguu. Toka."

Usiku aliupitisha macho wazi, na asubuhi ukungu wa kweli ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Fuso ilifika saa mbili. Silvester alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyevaa koti la ngozi na buti zenye udongo mwekundu wa Chunya. Hakuweza kusimama mahali. Alipiga tairi teke, alitazama simu, alipiga mluzi.

"Yuko wapi huyo mwendawazimu wenu? Njia ni ndefu, mabwana."

"Subiri kidogo," alisema Sedekia. "Kuna jambo linamalizwa."

Yusta alikuwa ametoa mkanda wa pamba wa Arvind kutoka kwenye kiroba, ameufua jana, ameuanika juu ya jiko la kuni, ameukung'uta ukawa laini. Lakini kulikuwa na vile vivimbe. Mkanda ukipita palepale, hata pamba itauma. Akatazama ubavu wa tandiko. Tandiko hili la ng'ombe lilikuwa na gidamu mbili za ngozi kila upande, moja ya mbele na moja ya nyuma, zinazokutana kwenye pete moja. Akalegeza ya mbele matundu mawili, akakaza ya nyuma mawili. Pete ikarudi nyuma upana wa kiganja. Mkanda ukapita nyuma ya vidonda, kwenye ngozi nzima.

Akafunga kwa tundu la kwanza tu. Akamtembeza. Tundu la pili. Akauvuta mguu mmoja wa mbele, kisha wa pili, ngozi iliyokunjamana chini ya mkanda ikanyooka. Akamtembeza tena. Tundu la tatu. Mkono wake, kwa mazoea ya nyumbani kwao, ulitaka kuongeza mvuto mmoja. Aliuona mkono huo ukienda. Akaurudisha. Akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na mbavu, vikaingia vizuri.

"Anamfunga au anamvalisha?" aliuliza Silvester.

"Wewe tazama tu, tajiri," alijibu Ambrosi.

Akapanda. Wakavuka uwanja, wakavuka mfereji. Ukungu alikuwa na wasiwasi, masikio yakichezacheza, na wasiwasi wa mmoja ulipita kwa mwingine, kwa magoti, kwa hatamu, kwa pumzi. Njia ya chai ikasimama mbele yao. Hatua ishirini. Thelathini.

Palepale, Ukungu akasimama.

Huko nyuma Silvester alicheka. Kisigino cha Yusta kilitaka kumgonga farasi ubavuni, na kila mtu pale chini angedhani ndivyo inavyotakiwa. Hakumgonga. Alilegeza hatamu, akaketi. Farasi aligeuza shingo akatazama ubavu wake, kama mtu anayesubiri kofi analolijua. Akavuta pumzi. Yusta alihisi mbavu zikitoka, zikitoka, na hazikukwama. Akavuta ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Kisha akapiga chafya, chafya ndefu ya farasi yenye matone, akainamisha kichwa na kuanza kupanda.

Waliokuwa chini waliwapoteza ndani ya ukungu. Walisikia kwato tu, mara zikisogea mbali, mara kimya, na Sedekia, kama Ambrosi alivyosimulia baadaye, alikuwa akitembea huku na huku akijishika bega. Walipotokea tena wakishuka, Ukungu alikuwa akitoa mvuke mwili mzima, na hatamu zilikuwa zimelegea shingoni.

Silvester aliacha kupiga mluzi. Akamzunguka farasi, akampapasa miguu.

"Huyu ndiye mkorofi mliyeniambia? Bwana Sedekia, umenificha. Huyu namchukua kwa bei uitakayo."

Hilo Yusta hakuwa amelifikiria kabisa. Kwamba farasi mzuri atatakiwa kuliko mbaya.

Sedekia alitikisa kichwa.

"Hauzwi," alisema. "Aliyekuwa na makosa tumempata. Ni mtu wetu, tunabaki naye."

"Na mimi nirudi na gari tupu hadi Makongolosi?"

"Pita Mafinga upakie mbao. Makongolosi hamna mbao nzuri."

Fuso iliondoka ikinung'unika. Ambrosi aliokota mkanda wa tyubu ambao bosi alikuwa ameuleta na kuuacha juu ya uzio, akauvuta, ukalia.

"Huu nipe mimi. Kitanda changu kinatoka kwa fundi wiki ijayo, na baiskeli yangu haipumui."

Sedekia hakucheka, ila mdomo ulimcheza upande mmoja. Akamgeukia Yusta, aliyekuwa bado juu ya tandiko.

"Vidonda vyake vitapona lini?"

"Wiki tatu, bosi, bila kutandikwa."

"Bega langu daktari kasema nne. Basi wiki ya nne nitampanda mimi, mlima huu huu. Na mkanda utaufunga wewe." Akaanza kuondoka, akasimama. "Polepole."

Yusta alishuka. Alilegeza tundu moja, akangoja, akalegeza la pili. Alipolitoa tandiko, Ukungu alijikung'uta toka masikioni hadi mkiani, akasogea kwenye ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akanywa maji yote. Yusta akasimama karibu naye, mkono juu ya mbavu zile, akizihesabu zikitoka na kuingia. Alihesabu hadi akapotea, akaanza upya.